Kwenda na Maji, Kurudi kwa Pedeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kayaki na Baiskeli Dodoma

Kila ninapofunga kayaki, yaani kimtumbwi chepesi cha kupiga kafi, kwenye keria ya baiskeli hapa Dodoma, hakosi mtu wa kuuliza: "Kaka, unaenda kuvua wapi na huku hakuna mto?" Ni swali la haki kabisa. Mengine yanayojirudia nimeyakusanya hapa chini, pamoja na majibu ninayowapa marafiki zangu. Baadhi ya majibu ni "usiende", na hayo msiyaruke.

Safari yenyewe ikoje?

Mto unakwenda upande mmoja tu. Ukishuka nao kilomita kumi, ulichokiacha juu kiko kilomita kumi nyuma yako, kiwe gari, begi au nguo kavu. Wenye magari mawili huegesha moja chini na jingine juu. Sisi wengine tunaacha baiskeli pale tutakapotokea, tunapelekwa juu pamoja na kayaki, tunashuka na maji, halafu tunarudi kwa pedeli kufuata kilichobaki. Kwa hiyo safari ina sehemu mbili muhimu, pa kuingilia na pa kutokea, na siku yako nzima inategemea njia inayoziunganisha kwa nchi kavu. Wageni wengi hutazama mto kwanza kwenye ramani, njia baadaye. Fanya kinyume chake. Tafuta kwanza njia inayopitika kwa baiskeli, kisha uone ni wapi inagusa maji mara mbili.

Hivi Dodoma kuna mto wa kupiga kafi?

Kuna mito mingi, lakini maji ndiyo haba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hazifiki hata milimita 600. Mito karibu yote ni ya mchanga: siku mbili tatu inanguruma, miezi saba ng'ombe wanalala ndani yake na akina mama wanachimba visima humo humo.

Kinyasungwe ndio unaotajwa zaidi. Unaanzia kwenye miinuko ya Dodoma, unaelekea upande wa Mpwapwa na Gulwe, na maji yake mwishowe yanaishia Wami na Bahari ya Hindi. Ukitaka kujua tabia za mito ya bonde hilo, ulizia reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Imesombwa mara nyingi, na mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010 yaliikata vibaya. Mto unaong'oa reli sio wa kwenda kujifunzia kayaki. Mimi Kinyasungwe siushuki.

Bubu ni mpole kidogo. Unatoka nyanda za juu za upande wa kaskazini, unapita Kondoa na Chemba, kisha unamwaga maji kwenye kinamasi cha Bahi, kule kwenye mpunga. Hauna njia ya kwenda baharini. Maji yakifika Bahi yanatandaa, yanapigwa na jua, basi. Ukielekea chini tambarare inazidi na mkondo unalegea, na mvua ikiwa nzuri unapata wiki chache za maji yanayoteleza taratibu. Ila penye matete njia ya maji hugawanyika, na ukifuata mkono usio wenyewe unaweza kujikuta unakokota kayaki kwenye tope la kufika magotini. Nimekokota. Saa mbili.

Yanabaki mabwawa. Hombolo, lililojengwa 1957, liko kama kilomita 40 kutoka mjini upande wa kaskazini mashariki. Halina mkondo, lakini unaweza kuingilia upande mmoja, ukatokea mwingine na kurudi kwa pedeli kwenye njia za vijijini. Mtu anayeanza nampeleka bwawani kwanza, hata kama ndoto yake ni mto.

Niende mwezi gani?

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kayaki inataka maji, baiskeli inataka njia kavu, na kwetu viwili hivyo havipatani. Februari mto unaweza kuwa umejaa vizuri, lakini udongo mweusi wa mbugani ukilowa unaganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko. Mita hamsini tu na gurudumu halizunguki tena kwenye breki. Unaikwangua kwa kijiti, unasogea mita hamsini nyingine, unakwangua. Septemba njia ni kavu, nzuri, lakini mto ni barabara ya mchanga. Ukitazama mmoja tu kati ya wawili hawa utaona tarehe inafaa, halafu mwenzake akuangushe.

Dirisha lililopo ni jembamba, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei, na mwaka wa mvua nyingi unaweza kugusa Juni. Mvua zimekatika, njia imeshika, na maji ya juu bado yanashuka. Hata hapo usiende kwa kalenda peke yake. Mpigie mtu anayeishi karibu na pa kuingilia umuulize maswali mawili: maji yanamfika wapi mtu mzima akivuka, na bodaboda zinapita bila kusukumwa? Akikwambia maji yako kwenye mapaja na pikipiki zinapita, funga mizigo. Akisema "maji yapo yapo tu", subiri jibu lingine kutoka kwa mtu mwingine.

Kwa mabwawa dirisha ni pana, hadi Agosti au Septemba, lakini adui anabadilika anakuwa upepo. Kiangazi chetu kina upepo wa mashariki na kusini mashariki unaopanda jua linavyopanda. Saa 1 asubuhi bwawa ni kioo. Saa 6 mchana lina mawimbi ya kukulowesha kifua.

Si tuna bwawa la Mtera na mto Ruaha Mkuu? Mbona huvitaji?

Nilikuwa nakuja. Mtera ndio maji makubwa kuliko yote yaliyo karibu nasi, mpakani mwa Dodoma na Iringa, na barabara ya lami ya kwenda Iringa inapita hapo hapo. Kwenye ramani ni peponi kwa mtu mwenye kayaki na baiskeli. Ila maji hayo yana wenyewe, yaani viboko na mamba.

Kiboko mchana hukaa kwenye kina, na hataki kitu kipite juu yake. Ushauri wa kawaida ni kubaki pembeni kwenye maji mafupi na kugonga ubavu wa chombo ili ajue unakuja, aibuke mbali nawe. Sawa, lakini pembeni kwenye maji mafupi ndiko mamba anakosubiri mbuzi na mchota maji. Kinga ya mmoja inakupeleka kwa mwingine. Wavuvi wa Mtera wanaishi na hali hiyo kwa sababu wanajua kila ghuba na kila kundi. Wanajua wiki hii viboko wamehamia wapi. Wewe umekuja jana. Sipendekezi kayaki Mtera bila mvuvi mwenyeji kwenye mtumbwi wake mbele yako, na hata ukiwa naye iwe asubuhi tu, kwa kipande kifupi anachokichagua yeye.

Kuna jambo la pili ambalo halina meno lakini huharibu safari. Bwawa likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi yanaweza kushuka mita kadhaa. Kwa kuwa kingo zake nyingi ni tambarare, mita moja ya kushuka inaweza kuondoa maji mbali sana na ulipoyaacha. Pa kutokea ulipopaona Mei, ukirudi Oktoba ni uwanja wa tope uliokauka juu na mbichi chini.

Chini ya ukuta wa bwawa usiingie kabisa. Mtera kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, na maji yake yanakwenda kuzungusha mitambo mingine Kidatu. Mto pale unapanda na kushuka kwa kufuata mitambo, kwa hiyo unaweza kujaa bila wingu hata moja angani. Juu zaidi, Ruaha Mkuu unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu 1993 kipande hicho kimekuwa kikikauka miezi ya kiangazi. Viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki, wana hasira na wana sababu. Hifadhini huingii na kayaki yako kwa kujiamulia, na usitamani.

Nianze na kayaki au nianze na baiskeli?

Njia ya kwanza nimeshaieleza: baiskeli inasubiri chini, unashuka na maji, unamalizia kwa pedeli. Uzuri wake ni kwamba unakuwa majini asubuhi na mapema, kabla ya upepo. Ubaya wake ni kwamba unapanda baiskeli saa 5 au 6, jua la Dodoma liko utosini, mikono imechoka na suruali imelowa. Suruali iliyolowa juu ya siti kwa kilomita kumi na tano itakufundisha jambo ambalo hutalisahau hata ukiwa umekaa ofisini Jumatatu.

Njia ya pili ni kuacha kayaki juu kwa mtu, kuteremsha gari hadi chini, kisha kuendesha baiskeli kurudi juu alfajiri kukiwa na baridi. Ukishuka na maji unatokea penye gari, nguo kavu na chai ya chupa. Baiskeli unaipitia baadaye kwa gari. Kwa mtu wa mtoni, mimi hupenda hii. Kwa bwawani nachagua ya kwanza kwa sababu ya upepo, na nabeba kaptura kavu kwenye mfuko usiopenya maji.

Ukiwa huna gari kabisa, bado inawezekana kwa kayaki ya kujaza upepo: unaibeba kwenye baiskeli hadi juu, unaacha baiskeli kwa mwenyeji, unashuka, unaikunja kayaki, na bodaboda inakurudisha. Wapo watakaosema hapo baiskeli imefanya kazi nusu. Ni kweli.

Umbali gani unafaa kwa siku moja?

Kwenye maji yaliyotulia mtu wa kawaida anakwenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Upepo ukiwa usoni atapata 2 au 3. Baiskeli kwenye njia ya vumbi na mzigo mdogo ni 10 hadi 12. Ila usipime mto kwa rula. Mto wa tambarare unapindapinda, na kilomita 10 za njia zinaweza kuwa 15 za maji. Chukua uzi, ulaze kwenye ramani ukifuata kila kona, kisha uunyooshe. Uzi haudanganyi kama macho.

Hesabu ya siku uianzie nyuma. Jua letu linazama kati ya kama saa 12 na nusu na saa 1 jioni, mwaka mzima. Unataka baiskeli iwe imefika saa 10, ili pancha mbili zikitokea bado kuna mwanga. Toa muda wa pedeli, toa nusu saa ya kukausha na kukunja, toa muda wa maji, toa na saa moja ya mambo yasiyo na jina. Mara nyingi hesabu inakwambia uwe majini saa 1 asubuhi. Ikikwambia uwe majini saa 10 usiku, fupisha safari.

Mara ya kwanza usizidishe kilomita 6 za maji.

Kayaki ya aina gani, na inabebwaje kwenye baiskeli?

Ya plastiki ngumu inavumilia mawe na miti, lakini inataka gari. Ya kujaza upepo inakunjwa, ina uzito wa kilo 10 hadi 15 kwa zile za kawaida, na inakaa kwenye keria ya baiskeli kama gunia la mkaa dogo. Baiskeli zetu nzito za chuma, zile Phoenix za babu, zimezaliwa kwa kazi hii. Keria zake hubeba madumu manne ya maji kila siku ya Mungu. Baiskeli ya kisasa yenye gia ni nyepesi kupanda nayo lakini keria yake nyingi ni ya kubebea daftari. Funga kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, usifunge kwa kamba ya katani ambayo inalegea ikikauka. Kafi la kutenganishwa vipande viwili lilaze kando ya bomba la juu la fremu, lisizidi usukani, maana likishika kichaka linakuangusha.

Kuna wanaobeba baiskeli juu ya kayaki ili washuke nayo. Kwenye maji yaliyotulia, kayaki pana, gurudumu la mbele likitolewa, inawezekana. Mtoni sipendekezi. Kilo kumi na tano juu ya kiuno chako zinafanya chombo kipinduke kwa jambo dogo, na kikipinduka una pedeli, spoku na kamba za breki za kukunasa miguu chini ya maji.

Miiba je?

Ah, miiba. Hii ndiyo sehemu ambayo wageni wetu hawaamini hadi waione. Dodoma ina mgunga ukingoni mwa mto na mbigiri njiani, na vyote viwili vinakutaka wewe. Mbigiri ni kale kamche kanakotambaa chini, tunda lake lina pembe ngumu, na kila likianguka pembe moja inatazama juu. Siku moja nilitoa miiba kumi na moja kwenye tairi moja la nyuma, ndani ya kilomita nane.

Kwa baiskeli: beba tyubu mbili nzima, viraka, gundi, msasa na pampu. Usishuke njia kuu kukatisha uwanja uliokauka hata kama unaona unaokoa kilomita. Ukipumzika, inyanyue baiskeli uiweke juu ya jiwe au uiegemeze kwenye mbuyu, usiiburute majanini. Na mwiba ukiuona umesimama kwenye tairi lakini upepo hautoki, usiuchomoe njiani. Uache uzibe tundu lake hadi ufike.

Kwa kayaki ya upepo: usiijazie upepo kwenye majani. Tandika turubai. Mtoni, tawi la mgunga lililolala majini ni hatari mara mbili: linatoboa chombo na linashika nguo zako huku mkondo unakusukuma. Halafu kuna kosa ambalo nimeona watu wazima wakilifanya: kuziba kayaki ya PVC kwa gundi ya tyubu. Haishiki. Gundi ya tyubu ni ya mpira, na PVC inataka gundi yake. Nunua kabla ya kuondoka, kwa sababu fundi baiskeli wa kijijini atakusaidia kwa moyo wote na kwa gundi isiyofaa.

Baiskeli niiache wapi?

Kwa mtu. Sio kichakani, sio nyuma ya mbuyu, sio kwenye mti kwa kufuli kubwa. Baiskeli iliyofichwa porini, anayeiona anajua mambo mawili: ina thamani, na mwenyewe hayupo. Nilishaficha moja ikabaki fremu. Aliyechukua magurudumu aliniachia cheni, nadhani kwa huruma.

Nenda nyumba iliyo karibu na pa kutokea, piga hodi, salimia vizuri, kaa kidogo. Ukimkuta mzee, "Shikamoo babu" kwanza, baiskeli baadaye. Eleza unachofanya hata kama kitawachekesha, na kitawachekesha. Kisha omba uiache uani, na useme utarudi saa ngapi. Hii saa ni muhimu kuliko unavyodhani: ukichelewa sana, huyo ndiye mtu wa kwanza atakayeshtuka na kuja ukingoni kutazama. Ukirudi toa chai, na usifanye kama unalipa kodi ya maegesho. Leta sukari, leta majani ya chai, au zabibu zikiwa msimu wake. Mara ya pili utapokelewa kama mtu wa nyumbani, na utaambiwa habari za mto ambazo ramani haina.

Nahitaji kibali?

Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, pande zote mbili, pa kuingilia na pa kutokea. Penye uvuvi kuna BMU, yaani vikundi vya wanakijiji vinavyosimamia mwalo, pale wavuvi wanapotia nanga. Wape taarifa nao. Ukuta wa bwawa na mitambo ni maeneo ya ulinzi, usipige picha wala kukaribia. Hifadhi za taifa na mapori ya akiba kama Kizigo na Muhesi yana mamlaka zake na sheria zake. Usalama wa vyombo vya majini kwa jumla uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ukitaka kubeba watu kwa malipo, hilo ni jambo jingine kabisa na ofisini kwao ndiko pa kuanzia.

Kichocho kinanitisha. Nifanyeje?

Kikutishe kiasi. Vimelea vinatoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, vinaogelea, na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Bwawa lolote lenye majani ukingoni na watu wanaooga lihesabu kuwa linacho.

Kayaki inakusaidia kwa sababu unakaa juu ya maji. Hatari iko kwenye kuingia na kutoka, pale unaposimama magotini kwenye majani. Vaa viatu vya mpira virefu, ingilia penye mchanga au jiwe. Vimelea hutoka kwa wingi zaidi kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo kuwahi kunapunguza hatari ingawa hakuiondoi. Ukilowa jikaushe mara moja kwa taulo na kwa nguvu. Inasaidia kidogo, usiitegemee. La maana ni kupima miezi miwili au mitatu baada ya safari, hata kama hujisikii chochote. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi. Ukikojoa damu usingoje miezi.

Sijui kuogelea. Naweza kuja?

Bwawani, maji yametulia, ukiwa na jaketi okozi lililofungwa vifungo vyote na mtu anayejua karibu yako, ndiyo. Mtoni hapana. Na anayejua kuogelea naye anavaa jaketi.

Hatari gani ya mtoni ambayo watu hawaifikirii?

Kalavati. Watu wanaogopa mamba kwenye mto usio na mamba, halafu wanapita na kayaki kwenye drifti la kijiji, yaani kivuko cha zege ambacho mto hupita juu yake. Maji yakiwa juu ya drifti yanaonekana kama ngazi ndogo tu, inakuvutia kuiruka. Chini yake maji yanajikunja kurudi nyuma na yanaweza kukushikilia hapo hapo ukizunguka kama nguo kwenye beseni. Kalavati lenye mabomba ni baya zaidi, kwa sababu mdomo wake umejaa matawi na taka. Maji yanapita, wewe hupiti. Kila ukisikia ngurumo au ukiona barabara mbele, toka majini mapema, beba kayaki ukingoni, uingilie upande wa pili. Ndiyo maana nasema njia ijulikane kabla ya mto: ukiipita kwa baiskeli kwanza, unajua inakatisha mto mara ngapi na wapi.

Hatari nyingine ni mvua ya mbali. Kwenye mto wa mchanga gharika linaweza kuja ukiwa chini ya anga la bluu, kwa sababu imenyesha milimani tangu jana jioni. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kubeba majani makavu na povu, au ukisikia kama lori linakuja mahali pasipo na barabara, usikusanye vitu. Panda ukingo.

Nikikuta nyavu, au watu wanaooga?

Nyavu za wavuvi hutambulika kwa maboya ya chupa za plastiki au vipande vya kandambili vilivyopangwa mstari. Zunguka mwisho wa mstari. Ikibidi kupita katikati, acha kupiga kafi, uteleze, na kama una usukani wa nyuma uunyanyue. Ukichana wavu, mtafute mwenyewe ulipe. Usikimbie: kijiji kizima kinajua ni nani mwenye chombo cha rangi ya machungwa.

Kwenye kona za mto karibu na makazi, piga hodi. Sauti kabisa: "Hodi huko!" Kuna sehemu za kuogea za wanawake na za wanaume, na wewe unatokea upande ambao hakuna mtu anayetarajia mgeni. Ukijibiwa "subiri", shika tawi usubiri, ugeuze uso. Wafugaji nao wakiwa wananywesha, simama mbali. Ng'ombe wakishtushwa na kafi linalometameta watatawanyika, na atakayewakusanya ni mtoto wa miaka tisa.

Nibebe nini cha kula?

Maji lita nne kwa mtu, usipunguze. Karanga, zabibu kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, ubuyu wa kumumunya. Pakiti mbili za chumvi na sukari za kuzuia kuishiwa maji mwilini. Chapati hulowa.

Kule Singida nasikia kuna maziwa mazuri. Yanafaa?

Singidani na Kindai ni mazuri sana kwa macho, na Singidani liko mjini kabisa, kwa hiyo kulizunguka kwa baiskeli ni rahisi na fundi hayuko mbali. Ila maji yake yana chumvi. Ukitoka majini na kushika baiskeli kwa mikono ile ile, cheni itapata kutu kabla hujafika Manyoni. Suuza kayaki, suuza mikono, paka cheni mafuta jioni ile ile. Wakiwepo korongo au heroe, wapitie mbali. Wakiruka kwa sababu yako umekwenda karibu mno.

Nimefika pa kutokea, jua linazama, na baiskeli ina pancha magurudumu yote mawili. Nifanye nini?

Usianze kuziba gizani na usisukume barabarani usiku, hasa barabara kuu ya Iringa yenye malori. Rudi kwa yule uliyemwachia baiskeli. Mwambie umekwama. Mpigie simu aliyebaki nyumbani, umwambie uko kwa nani na kijiji gani, ili asiwapigie Zimamoto 114 kukutafuta majini. Kisha tandika lile turubai la kayaki uani, ukubali ugali wa uwele na mlenda utakaopewa, na miiba uitoe asubuhi.